Ona, Nasi Tuone

Wanangu, kwa Wahaya hadithi haianzwi na mtu mmoja. Msimulizi hutangaza kwamba alifika, akaona, kisha hunyamaza kidogo. Waliokaa naye humjibu: ona, nasi tuone. Hapo ndipo anapopata njia ya kupita. Mtafiti Mmarekani Peter Seitel, aliyerekodi hadithi za Kihaya huku Kagera, aliliona jibu hilo kuwa na uzito hata akalifanya jina la kitabu chake kilichotoka mwaka 1980. Humo aliziandika hadithi kwa mistari mifupi mifupi, ili msomaji ajue msimulizi alitua wapi na akapandisha sauti wapi. Alikuwa ametambua kwamba pale msimulizi anapotua, msikilizaji naye yuko kazini.

Leo nataka kuwaeleza kazi ambayo vijana wengi wanaanza kuifanya, hata huku Ijumbi katika wilaya ya Muleba, ambako simu janja imeshaingia nyumba nyingi. Ni kazi ya kurekodi skrini ili kumfundisha mtu. Kompyuta au simu inanasa kila kinachotokea kwenye kioo chake: kishale kinakokwenda, herufi inavyoandikwa, dirisha linavyofunguka na kufungwa. Wewe unaeleza kwa sauti unachokifanya. Mwenzako aliye Bukoba mjini, au Biharamulo, au Mwanza ng'ambo ya Ziwa Victoria, anatazama baadaye na kufanya kama ulivyofanya.

Ugumu wake ni mmoja, na ndio huo unaomtoa jasho kila anayeanza. Hakuna anayekujibu. Unasema umeona, na ukumbi uko kimya. Mtazamaji hawezi kukuambia ngoja, sijafika hapo. Hawezi kukunja uso ukajua umempoteza. Karibu kila jambo ambalo mwanafunzi wa kazi hii hujifunza kwa taabu ni njia ya kumrudisha msikilizaji huyo ukumbini.

Tumfikirie msichana wa kidato cha tatu anayejua kutumia jedwali la hesabu kwenye kompyuta. Tuseme ana LibreOffice, programu isiyouzwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Babu yake ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na kila msimu huandika kilo za kila mkulima kwenye daftari, kisha hujumlisha usiku kwa kalamu mpaka macho yanamuuma. Msichana anataka kumtengenezea babu video, na makatibu wa vyama vingine nao waitumie. Nia njema kabisa. Sasa aanzie wapi?

Anayeanza huandika kichwa kikubwa: jinsi ya kutumia kompyuta. Akikaa kurekodi, anaanza na historia ya kompyuta, anapita kwenye namna ya kuiwasha, anafika kwenye jedwali akiwa amechoka, na dakika arobaini zimekwisha. Babu hatafika huko. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchunguzi wa masomo ya video ya edX, shirika la elimu mtandaoni la Marekani. Walipitia rekodi milioni 6.9 za watu waliofungua video hizo na kutazama. Waligundua kwamba hata video iwe ndefu namna gani, muda wa kati ambao watu huutumia kuitazama hauzidi kama dakika sita. Na hao ni watu waliojiandikisha kusoma kwa hiari yao.

Kwa hiyo msichana wetu anapunguza. Si kompyuta, wala si jedwali zima. Ni kujumlisha kilo za safu moja, basi. Dakika nne zinalitosha somo hilo, na mtu akimaliza ana kitu mkononi ambacho jana hakuwa nacho. Napenda sana hatua hii ya kupunguza, kwa sababu ndipo mwalimu anapoanza kumfikiria mwanafunzi na kuacha kujifikiria yeye na yote anayoyajua.

Kabla ya kubofya kitufe cha kurekodi kuna usafi wa kufanya. Kioo cha kompyuta yako ni chumba chako cha ndani, na unakaribia kuwafungulia mlango watu usiowajua. Funga kila dirisha lisilohusika. Zima taarifa za simu, la sivyo katikati ya somo utashuka ujumbe wa pesa ukionyesha salio la mama yako. Usirekodi namba ya siri ikiandikwa, hata kama inaonekana kwa vidoti tu. Na yale majina kwenye daftari la babu, pamoja na kilo zao, ni mali ya wakulima wenyewe. Anayeuza kahawa nyingi hapendi kijiji kizima kijue, na aliyeuza kidogo kwa sababu aliuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, hapendi hata zaidi. Andika Mkulima wa Kwanza, Mkulima wa Pili, na namba za kubuni. Somo halipungui chochote.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa nitakaa kidogo, maana anayeanza hushughulika na picha akaisahau sauti. Picha ikiwa na ukungu kidogo mtu huvumilia. Sauti ikiwa mbaya, anafunga.

Huku kwetu adui wa kwanza wa sauti ni mvua juu ya bati. Bukoba na ukanda wa kando ya ziwa hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikianza juu ya bati hata watu wawili waliokaa mkeka mmoja hupigiana kelele. Nyumba za zamani za msonge, zilizoezekwa nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, ziliimeza mvua kimya kimya. Bati halimezi kitu. Kwa hiyo rekodi mbingu zikiwa safi, na hata hapo sikiliza kwanza. Funga macho uhesabu unachokisikia: jogoo, redio ya jirani, bodaboda inayopanda kilima, upepo unaotikisa migomba nje ya dirisha, mtoto anayelia. Masikio yako yameshavizoea hata huvisikii tena. Maiki haina mazoea, inachukua vyote.

Alfajiri kabla watu hawajaamka ni wakati mzuri, na usiku baada ya redio kuzimwa pia. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinarudisha mwangwi, sauti ikatoka kama mtu aliye ndani ya pipa. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa kinaituliza. Ukikosa, jifunike blanketi pamoja na simu. Joto litakusumbua dakika nne tu. Maiki ya waya wa masikioni unaouzwa madukani inatosha kabisa kwa kuanzia. Iweke umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa, maana herufi p na b zinatoa pumzi inayoipiga maiki kama kofi.

Kuna programu iitwayo Audacity, ya bure nayo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Inaweza kupunguza ule mvumo wa chini unaobaki. Lakini ili ifanye hivyo inahitaji sampuli ya ukimya wa chumba chako. Kwa hiyo kabla hujasema neno, acha sekunde tano zipite huku maiki imefunguka. Programu itazisoma sekunde hizo, ijue mvumo wako ulivyo, kisha iuondoe kwenye maneno. Usiizidishe, maana ikiondoa mno, sauti yako inaanza kulia kama bati.

Na umeme. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa wa Kagera ilitegemea umeme unaovutwa kutoka Uganda, na kukatika tunakujua. Chaji betri ijae kabla ya kuanza, na rekodi kwa vipande vya dakika moja au mbili. Umeme ukikatika au kompyuta ikizimika, umepoteza kipande kimoja, kazi nzima imebaki.

Baada ya sauti, mkono. Ukijua jambo vizuri mkono wako unakimbia. Msichana wetu anapeleka kishale juu, anabofya, anashuka, anaandika, anabofya tena, yote kwa sekunde tatu, huku akisema: unafanya hivi, halafu hivi, halafu unakuja hapa. Babu anayetazama haoni hivi ni vipi wala hapa ni wapi. Kishale ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kwenye simu hakionekani kabisa.

Tutazame polepole namna inavyofaa kufanywa. Namba za kilo ziko safu C, kuanzia mstari wa pili hadi wa thelathini na moja, wakulima thelathini. Kabla ya kusogeza mkono anasema: tunashuka chini ya namba ya mwisho, kwenye kisanduku kitupu, safu C, mstari wa thelathini na mbili. Ndipo kishale kinaanza kusogea, taratibu, kwa njia iliyonyooka, bila kuzungushwazungushwa. Kikifika kinatulia. Anabofya. Anangoja kidogo kisanduku kionekane kimezungushiwa mstari. Anasema: sasa naandika alama ya sawasawa. Anaiandika. Kisha anaandika SUM, anafungua mabano, anaandika C2, nukta mbili, C31, anafunga mabano, na anasoma anachokiandika herufi kwa herufi: =SUM(C2:C31). Anabofya Enter, kitufe cha kuingiza. Jumla inatokea. Ananyamaza.

Ule ukimya wa mwisho usiuogope. Anayeanza huogopa ukimya, akaujaza maneno: kwa hiyo, yaani, kama mnavyoona. Huo ndio muda ambao babu anatoa macho kwenye video, anashika kompyuta yake na kujaribu. Ukiujaza, umemnyang'anya zamu yake.

Tena taja kitufe kwa neno lile lile lililoandikwa juu yake, hata kama ni la Kiingereza, kisha lieleze kwa Kiswahili. Juhudi za kuzifanya kompyuta ziseme Kiswahili zimekuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo kompyuta nyingi atakazozikuta babu zina menyu za Kiingereza, na ukimtajia kitufe kwa tafsiri uliyoibuni atakitafuta mpaka jioni.

Vilevile, usiandike sentensi ndefu kwenye kioo kisha ukaisoma neno kwa neno. Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja. Mojawapo ya matokeo yake ni kwamba mtu huelewa zaidi akiona picha na kusikia maelezo, kuliko akiona picha, akasikia maelezo, na maelezo hayo hayo yakawa yameandikwa pale chini. Macho yanagawanyika: yasome au yatazame? Matokeo mengine ni kwamba vikorombwezo vinaharibu. Muziki wa nyuma, picha zinazorukaruka na madoido yasiyohusika humfurahisha aliyetengeneza na kumchanganya anayejifunza.

Na mambo haya hayakuanza na watu wenye studio. Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akifanya kazi ya uchambuzi wa fedha mjini Boston, alianza kumsaidia hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Waliongea kwa simu huku wakiandika kwenye ubao wa pamoja wa mtandaoni. Ndugu wengine wakaomba nao wafundishwe, muda ukawa hautoshi, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube. Ndani yake hakuna uso wa mtu. Kuna kioo cheusi, mwandiko wa mkono wa rangi rangi unaojitokeza kidogo kidogo, na sauti ya mtu anayefikiri. Binamu zake walimwambia jambo ambalo mwalimu yeyote angelitafakari: walimpenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Kwenye video wangeweza kumsimamisha, wakamrudisha nyuma, wakarudia jambo ambalo walipaswa kulijua tangu zamani, bila kumwonea mtu aibu. Masomo hayo yakazaa Khan Academy.

Kwetu Tanzania, Ubongo Kids ilianza kurushwa kwenye televisheni mwezi Januari 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Hiyo si kazi ya mtu mmoja na kompyuta yake, ni kundi zima la wachoraji, waimbaji na walimu, lakini swali wanalojiuliza ni lile lile: mtoto ambaye hatumwoni, atakwama wapi? Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, kila mwalimu aliyejaribu kufundisha kupitia simu alikutana na swali hilo hilo.

Kulijibu kuna dawa moja ninayoiamini kuliko mashine zote. Ukimaliza kurekodi, usimuulize mtu kama video ni nzuri. Atakuambia ni nzuri, maana anakupenda. Mkalishe babu mbele ya kompyuta, mwekee video, mwambie afanye kinachoelezwa, kisha wewe ukae nyuma yake ufunge mdomo. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Mkono utakuwasha kumwonyesha. Usimwonyeshe. Tazama tu anasimamisha wapi, anarudia wapi, anabofya nini ambacho hukukitarajia.

Msichana wetu akifanya hivyo ataona jambo kama hili. Babu anaandika kilo kama alivyozoea daftarini: namba, kisha kg. 25kg, 40kg, 18kg. Anaandika fomula bila kukosea hata herufi moja, anabofya, na jumla inatoka sifuri. Anadhani kaharibu kompyuta. Kumbe hajaharibu kitu. Kisanduku chenye namba na herufi pamoja, programu inakichukua kuwa ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Ishara yake iko pale pale kwenye kioo: namba safi hujisogeza upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukishaijua ishara hiyo unalitambua kosa kwa mtazamo mmoja. Msichana hakulisema kwenye video kwa sababu yeye haandiki kg, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeandika.

Sasa anarudi kurekodi kile kipande kimoja, si video nzima, na ndiyo faida nyingine ya vipande. Anaweka sekunde ishirini za kuonyesha 25kg ikikaa kushoto na 25 ikikaa kulia. Wala asifiche kosa hilo, alifanye makusudi mbele ya mtazamaji, jumla itoke sifuri, kisha alirekebishe. Mtu aliyekwisha kuona kosa likitokea na kuondolewa hashtuki likimpata.

Limebaki la kuifikisha video kwa watu, na huku kwetu hilo ni suala la bando. Piga hesabu. Video iliyobanwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde ina megabiti 60 kwa dakika, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hizo ni MB 7.5. Dakika nne ni MB 30. Ukiiacha kwa kasi mara nane ya hiyo, kama baadhi ya programu zinavyofanya usipoziambia kitu, inakuwa MB 240, na katibu wa chama hatanunua bando la kukutazama wewe ukijumlisha kilo. Skrini yenye jedwali haibadiliki sana, kwa hiyo picha 15 kwa sekunde zinatosha. Kipimo cha 1280 kwa 720 kinatosha pia, mradi umekuza maandishi kabla ya kurekodi. Yakuze mpaka uone yamezidi, kisha itazame video kwenye simu ndogo uliyoishika umbali wa mkono. Yakisomeka hapo, yatasomeka popote.

Tena si lazima ipite mtandaoni. Vibanda vya kutengeneza simu vinavyojaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi vinaweza kujaza somo pia, na Bluetooth haili bando. Ipe faili jina linaloeleweka, lenye somo na mwaka, maana programu hubadilika na kitufe kilichokuwa kushoto leo mwakani kitakuwa kwingine.

Halafu babu atarudi na swali. Amepata mkulima wa thelathini na moja, amemwongeza chini kabisa, juu tu ya mstari wa jumla, na jumla haikubadilika. Fomula bado inaishia C31, na mgeni ameingia mstari wa thelathini na mbili, nje ya hesabu. Angemwongeza katikati ya orodha, fomula ingejinyoosha yenyewe na kumhesabu. Hilo ndilo somo la video ya pili, na dakika tatu zinalitosha.